Ukubwa wa Wakili

Tumezoea kuhakiki riwaya, tenzi na tamthilia. Gazeti likitukera tunalihakiki barazani kwa sauti, na hotuba ya mkubwa tunaihakiki kwa kunong'ona. Lakini iko aina moja ya maandishi ambayo hupita mikononi mwetu bila ya kuhakikiwa na mtu, nayo ni ile miongozo inayotolewa London kila mwaka kuwapanga mawakili wa dunia kwa madaraja. Tunaichukulia kama kitabu cha nambari za simu. Hali kwa hakika ni vitabu vya sifa, na kitabu cha sifa kina haki ya kuulizwa maswali yale yale anayoulizwa mshairi wa jumba la mfalme: unamsifu nani, kwa maneno gani, kwa ushahidi wa nani, na unanyamaza wapi?

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapa Unguja tangu katikati ya miaka ya 1980 mpaka nilipostaafu, kazi inayomweka mtu karibu na mawakili kiasi cha kuwatambua kwa vikohozi vyao, lakini isiyompa sababu ya kuwaonea wivu wala kuwaogopa. Miongozo hii niliijua kupitia kijana wetu mmoja wa ukoo, ambaye ameajiriwa katika kampuni kubwa ya mawakili Dar es Salaam. Alinieleza kwa furaha kwamba kampuni yao imepanda daraja. Nilimpongeza, kisha nikamwomba aniletee hicho kitabu nikisome. Alicheka, akaniuliza: "Ami, kitabu kile nani anakisoma?" Nikamwambia kwamba kitabu kisichosomwa na mtu na bado kinaogopewa na kila mtu ndicho khasa kinachostahili kusomwa.

Inayojulikana zaidi ni miwili, Chambers na Legal 500. Yote miwili ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi husomwa zaidi kwenye intaneti kuliko kwenye karatasi. Kabla yake, huko Marekani, lilikuwapo jarida la The American Lawyer, lililoanzishwa na Steven Brill mwaka 1979, ambalo katika miaka ya 1980 lilianza kuchapisha mapato ya kampuni kubwa za mawakili na faida anayoipata kila mbia. Jambo lililokuwa siri ya nyumba likawa ubao wa matokeo. Wakili wa New York akaweza kufungua gazeti na kuona kwamba jirani yake wa ghorofa ya juu anapata mara mbili yake, na tangu siku hiyo usingizi ukawa haba mjini.

Miongozo ya London haipangi kwa faida. Ina adabu zaidi. Kampuni inayotaka kupangwa hujaza fomu kueleza kazi zake za mwaka uliopita. Katika Chambers kazi hizo hazizidi 20, nusu za kutangazwa na nusu za siri, na kwa kila kazi hutajwa mteja, kiini cha jambo na thamani yake kwa fedha. Kampuni hupeleka pia majina ya watu wa kuulizwa, wengi wao wakiwa wateja. Watafiti huwapigia simu au kuwaandikia watu hao, huwauliza mawakili wengine wanamwona nani kuwa hodari, kisha matokeo huwekwa katika madaraja, la kwanza juu na mengine chini yake. Daraja lenyewe haliuzwi, na hilo ni la kusifiwa. Kinachouzwa ni nafasi ya kuongeza maelezo marefu na kujipamba.

Sasa nije kwenye maandishi yenyewe. La kwanza linalomgusa msomaji ni kwamba hamna lawama hata moja. Nilisoma kurasa za Tanzania na za Kenya, nikazisoma na za Uingereza ili niwe muadilifu, na sikukuta wakili mzito wa kujibu barua, wala anayechelewa, wala anayetoza kuliko kazi aliyoifanya. Kila mmoja ni mwepesi, anaielewa biashara ya mteja wake, hupatikana saa zote, na shauri lake ni la kutekelezeka. Katika kitabu cha namna hii lawama ni moja tu, nayo ni kutokuwamo. Kwa hiyo msomaji anayetaka kujua udhaifu wa mtu hana budi kusoma mahali ambapo jina lake halikuandikwa.

La pili ni mashahidi. Sifa karibu zote hutoka kwa mteja asiyetajwa. Mahakamani tulikuwa na neno kwa ushahidi wa namna hii. Shahidi asiyeonekana, asiyeweza kuulizwa maswali na upande wa pili, na aliyeletwa na mwenyewe mwenye jambo, hakimu humsikiliza kwa sikio moja. Ni ajabu kwamba watu ambao maisha yao yote wameyatumia kuukataa ushahidi wa aina hiyo ndio wanaoutundika ukutani, katika fremu, pale mgeni anapokaa kungojea.

La tatu ndilo kubwa zaidi, nalo ni kipimo. Mkopo wa mabenki wa dola milioni mia moja ni jambo kubwa. Mirathi ya nyumba ya Malindi yenye warithi 30 ni jambo dogo, hata kama mkopo uliandikwa kwa kunakili mkopo wa mwaka jana na mirathi ikamfanya wakili asome hati tatu za wakfu, za Kiarabu kilichofifia. Ukisoma kurasa 20 unatambua kwamba mwongozo hautuambii wakili ni mkubwa kiasi gani. Unatuambia mteja wake ni mkubwa kiasi gani. Heshima ya wakili imekuwa kama mwangaza wa mwezi, ambao kila mtu anaupenda na kila mtu anajua umetoka wapi.

Na Zanzibar? Katika miongozo niliyoisoma, sisi hatuna mlango wetu. Tumo ndani ya Tanzania, katika sentensi inayosema kwamba kampuni fulani hushauri pia kuhusu miradi ya visiwani. Mtu wa mbali hawezi kujua kutokana na sentensi hiyo kwamba Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Mahakama za Kadhi, sheria zake za ardhi na uwekezaji, na daftari lake la mawakili, kiasi kwamba wakili aliyeandikishwa Bara hawezi kwa uandikishaji huo peke yake kusimama mbele ya jaji wa Zanzibar. Tunakutana katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979, na hata huko mambo ya Kadhi hayafiki. Kitabu kinachodai kuipima dunia kimeziruka hizo zote kwa koma moja.

Ningependa msomaji alitazame neno lenyewe, wakili. Tumelipata kwa Waarabu, na limekuja na ndugu zake. Wakala ni ndugu yake. Yupo wakala wa meli, wa bima na wa kutuma fedha kwa simu. Mwakilishi ni ndugu yake pia, na ndiyo maana wabunge wetu hukaa Chukwani katika Baraza la Wawakilishi. Al-Wakil ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, na kutawakali ni kumwachia Yeye jambo lako. Mzizi ni mmoja: kukabidhiwa. Lakini ndugu hawa hawakulelewa sawa. Wakala hukabidhiwa bidhaa, na ukubwa wake ni ukubwa wa bidhaa. Wakili hukabidhiwa haki ya mtu, na haki ya mwenye shamba la minazi kumi haina uzito pungufu kuliko haki ya mwenye hoteli ya vyumba mia mbili. Ninachokiona katika miongozo ya London ni wakili aliyepimwa kwa mizani ya wakala.

Mji Mkongwe umewahi kujua heshima ya uwakili ya namna kadhaa, kwa hiyo hatuzungumzi jambo geni. Jengo la mahakama la Vuga, lililochorwa na Mwingereza John Sinclair na kukamilika mwaka 1908, lenye kuba na matao yanayotaka kufanana na ya Kiarabu, lilijengwa ili mtu akiingia ahisi udogo wake. Ndani yake enzi za Waingereza walisimama mawakili wa asili ya Kihindi, Waparsi, Wagoa na Wazungu, na chini yao walikuwapo waliojulikana kwa jina la vakil, ambao elimu yao ya sheria ilikuwa ndogo na haki yao ya kusimama mahakamani ilikuwa na mipaka. Hukumu zao zilikusanywa katika Zanzibar Law Reports, ambazo juzuu yake ya kwanza inaanzia kesi za mwaka 1868. Wakati ule pia wakili mkubwa alikuwa yule mwenye wateja wa karafuu, pembe na majumba. Tofauti ni kwamba mji ulikuwa mdogo. Wakili akimdhulumu mjane asubuhi, jioni alipaswa kupita mbele ya baraza za Mkunazini na watu wanajua. Daraja lake lilipangwa upya kila magharibi, na hakuwa na fomu ya kujaza.

Halafu tukajua hali ya kutokuwa na mawakili kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Zanzibar ilianzisha Mahakama za Wananchi, ambamo wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu. Hoja iliyotolewa ilikuwa na sura ya haki: mawakili ni wa matajiri, sheria yao ni ya mkoloni, na mnyonge ajisemee mwenyewe mbele ya wenzake. Wako walioipokea kwa furaha, kwani walikuwa wameona mengi Vuga. Lakini alipouawa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na kesi ya uhaini ikasikilizwa mwaka 1973 na 1974, washtakiwa walikabiliwa na adhabu ya kifo bila ya wakili wa kuwatetea. Wengi walihukumiwa kufa, akiwamo Abdulrahman Babu, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini Bara na hakufikishwa mbele ya mahakama hiyo. Alitolewa mwaka 1978. Ni Katiba ya 1984 na sheria za mahakama za 1985 zilizorudisha utaratibu tunaoujua leo. Nasema haya ili nisije nikadhaniwa namchukia wakili. Mtu wa Unguja wa umri wangu hawezi kumchukia wakili, maana ameuona mji ambao hakuwamo.

Mawakili waliporudi, na uwekezaji nao ukaja. Sheria ya mwaka 1992 iliithibitisha ardhi ya Zanzibar kuwa mali ya umma. Mgeni haiuziwi, hukodishwa kwa miaka mingi. Ghafla ufukwe ambao bibi zetu waliutumia kufukia makumbi ya kusuka kamba ukawa na thamani katika dola, na karatasi zikaanza kuandikwa. Msomaji wa makamo atakumbuka mradi wa Nungwi, ulioandikwa sana magazetini mwishoni mwa miaka ya 1990. Iliripotiwa kwamba kampuni kutoka Uingereza ilikodishwa kilomita za mraba 57 za rasi ile kwa miaka 49, kwa kodi ya pauni moja kwa mwaka, ili ijenge mahoteli, viwanja vya gofu na mengineyo kwa dola bilioni 4, mahali penye wakaazi wapatao 20,000. Mradi ule haukujengwa. Lakini hebu, msomaji, uchukue fomu ya London na ujaribu kuuandika. Thamani: dola bilioni 4. Mteja: mwekezaji wa kimataifa. Umuhimu: mkubwa kuliko yote nchini. Wakili yeyote mwenye kazi kama hiyo angepanda daraja mwaka huo huo. Wale watu 20,000 hawana kisanduku katika fomu. Hakuna mahali pa kuwaandika, hata kama mtu angetaka.

Miaka michache kabla sijastaafu walinijia nyumbani wazee watatu wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Walileta karatasi za kurasa 46, kwa Kiingereza, zilizochapwa vizuri mno, na chini ya kila ukurasa limo jina la kampuni ya mawakili yenye sifa katika miongozo hiyo. Zilikuwa karatasi za ridhaa na fidia ya minazi, ili mwekezaji aliyekodishwa eneo aweze kulizungushia ukuta. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, mkubwa wao akaniambia: "Mwanangu, tusomee, lakini usitufasirie kwa huruma. Tusomee kama ilivyo."

Nikawasomea kama ilivyo. Bei ya kila mnazi ilitajwa waziwazi. Mgogoro ukitokea utapelekwa kwa msuluhishi, na msuluhishi atakaa London. Tulipofika ukurasa wa 41 nikakuta kifungu kinachosema kwamba kila mwenye kutia saini anathibitisha kuwa alipata nafasi ya kutosha ya kutaka ushauri wa mwanasheria wake mwenyewe. Yule bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Nafasi hiyo tuliipata lini?"

Sikuwa na jawabu. Akauliza tena: "Na huyo aliyeandika haya ni wakili wa nani?" Nikamwambia ni wakili wa mwekezaji. "Basi," akasema, "wetu sisi ni yupi?" Mzee mwenzake akajibu kwamba msimamizi wa mradi aliwaambia wasiwe na wasiwasi, kampuni ile ni kubwa na inajulikana hata Ulaya, haiwezi kudhulumu mtu. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya pili ya daraja la kwanza, ambayo sidhani waliolitoa wanaijua. Linamvutia mteja, sawa. Lakini pia linamlegeza yule asiye mteja. Anaona jina kubwa na anadhani ukubwa ule unamhusu na yeye, kama mtu anayepanda gari la kifahari lililokuja kumchukua mwingine.

Niliwaelekeza kwa msaidizi wa sheria. Zanzibar ina bahati katika jambo hili, kwa sababu mwaka 1992 marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria, na kwa miaka mingi kituo hicho kimewafunza wasaidizi wa sheria katika wilaya za Unguja na Pemba. Kijana yule hakuwa na fremu ukutani. Aliandika barua mbili, akauliza mambo matatu: njia ya akina mama ya kwendea mwani itapita wapi ukuta ukijengwa, ngalawa zitavutwa wapi, na kwa nini karatasi haina nakala ya Kiswahili.

Napenda msomaji azingatie yaliyofuata, maana siyo hadithi ya shetani na malaika. Ile kampuni kubwa ilijibu baada ya siku tatu, kwa heshima na kwa ufasaha. Njia ikaandikwa, kwa upana wake na kwa ramani. Mahali pa ngalawa pakaandikwa. Nakala ya Kiswahili ikaletwa, na ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizopata kuzitafsiri mimi. Bei ya minazi haikubadilika hata senti. Lakini yale yaliyobadilika yalibadilika kwa urahisi, na mwekezaji hakupungukiwa na kitu. Ustadi ulikuwapo siku zote. Uliweza kuandika njia ya mwani katika rasimu ya kwanza kama ulivyoiandika katika ya pili. Haukufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyeuuliza, na kwa sababu katika mizani inayoupa daraja, njia ile haina uzito.

Najua atakavyonijibu kijana wetu wa Dar es Salaam, na jawabu lake lina haki. Wakili, atasema, ana wajibu kwa mteja mmoja. Akimshauri na yule wa pili atawasaliti wote wawili. Hilo ni kweli, na katika nchi nyingi limo ndani ya kanuni za maadili. Kanuni za mfano za Marekani, kwa mfano, zinamkataza wakili kumshauri mtu wa upande wa pili asiye na wakili wakati maslahi yao yanapingana. Lakini zinamruhusu shauri moja tu: kumwambia atafute wakili wake. Hilo moja ndilo lililogeuzwa kuwa sentensi ya ukurasa wa 41, kwa lugha ambayo mtiaji saini haijui. Mawakili wetu ni hodari wa kutofautisha kulisema jambo na kulifikisha. Katika mkataba na benki wangehakikisha limefika.

Atasema pia kwamba kampuni kubwa zimeleta nidhamu. Nakubali. Faili halipotei kwao, tarehe ya rufaa haiwapiti, na kijana anayejifunza kwao miaka mitano hutoka akijua kuandika. Nairobi iko kampuni, Hamilton Harrison & Mathews, inayojihesabu tangu mwaka 1902, na ambayo baadaye imeungana na jina la kimataifa la Dentons; huwezi kudumu zaidi ya karne kwa ujanja peke yake. Tena wapo mawakili wa biashara walioonyesha kwamba ukubwa unaweza kutumika. Mnamo Agosti 2017 ofisi za IMMMA Advocates, Dar es Salaam, zilipigwa mabomu usiku. Chama cha Wanasheria Tanganyika kikawataka mawakili wasusie mahakama kwa siku mbili, na mwaka uliofuata mmoja wa wabia wa kampuni hiyo, Fatma Karume, akachaguliwa kuwa Rais wa chama hicho. Mjukuu wa Rais ambaye enzi zake mawakili walitolewa mahakamani Zanzibar akawa msemaji wa mawakili wa Bara. Hilo ni tukio kubwa katika historia ya taaluma hii kwetu, nami sijui kisanduku cha fomu ambamo lingeingia.

Ni kweli vilevile kwamba siku hizi zinatolewa tuzo kwa kampuni zinazotetea maskini bure. Nazipongeza. Lakini yule maskini ni mteja aliyechaguliwa, akapigwa picha. Ninayemzungumzia mimi hakuchaguliwa. Amekaa upande wa pili wa meza kwa sababu ardhi iliyo mezani ni ya babu yake.

Basi lau ningeombwa kuutunga mwongozo wa mawakili wa Unguja, ningebakisha mengi ya London, pamoja na simu za watafiti. Ningeongeza maswali manne tu. Umewahi kumwambia mteja wako mkubwa kwamba analolitaka si haki, na akakuacha? Karatasi yako ya mwisho, waliotia saini wangapi waliweza kuisoma? Gharama zako mteja alizijua kabla au baada? Na la nne, ambalo ningelipa nusu ya alama zote: nipe jina la mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza, asiye na wakili, nimpigie simu nimuulize juu yako.

Swali hili la mwisho haligharimu kitu. Watafiti tayari wanapiga simu London hadi Masaki. Simu moja zaidi, mpaka Jambiani au Matemwe, ingewapa habari ambayo mteja hawezi kuwapa, maana mteja anamjua wakili wake akiwa rafiki tu. Wakili hujulikana zaidi na yule aliyemshinda.

Mwaka 2021 Tanzania Bara ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ikiacha nafasi kwa Kiingereza pale haki inapohitaji. Mikataba ya mabilioni haijahama na sheria hiyo. Bado inaandikwa kwa Kiingereza, na kwa mkopo wa benki mbili za kigeni sina neno. Lakini karatasi ya fidia ya mnazi ikiandikwa kwa lugha asiyoijua mwenye mnazi, basi hiyo haitafuti ridhaa yake. Inatafuta saini.

Vijana wanaomaliza shahada ya sheria katika vyuo vyetu, wengi wao wana akili kunishinda mimi na waalimu wangu wote, na karibu kila niliyezungumza naye anatamani kufika katika kampuni ya daraja la kwanza. Nendeni. Mtajifunza mengi, mtalipwa vizuri, na wazazi wenu watafurahi kama mimi nilivyofurahi kwa kijana wetu. Ila mtakapowekewa ile fomu mezani, na mkatakiwa kuorodhesha mambo 20 makubwa ya mwaka, kabla hamjaipeleka kwa mbia, chukueni karatasi nyingine muandike kwa kila jambo nani alikuwa upande wa pili na nani alikuwa wakili wake. Pakibaki patupu pengi, fahamuni kwamba kampuni yenu imeshinda mengi bila ya kushindana na mtu.